Bomba la Pikipiki na Sikio la Askari

Katika vichochoro vya Nakivubo, kuanzia pembeni mwa uwanja wa mpira ambao jina lake la kale liliwekwa kuwa ukumbusho wa vita, hadi kufikia Soko la Kisekka ambalo kwa miaka mingi limekuwa ghala la vipuri kwa Uganda nzima, kuna kazi moja ndogo inayofanywa mchana kutwa bila kificho. Kijana mwendesha bodaboda hufika na pikipiki yake, mara nyingi Boxer au TVS, zote za asili ya India. Bomba la moshi hufunguliwa lingali na moto. Fundi hulibana kwenye jiriwa, hulikata mkia kwa msumeno, kisha kwa koleo huyatoa matumbo yake yote, yaani vile vibomba vyembamba na zile sahani za chuma zinazoligawa bomba vyumba vyumba. Akimaliza huufunika mkia tena kwa kuuchomelea. Wako mafundi wasiotaka hata taabu ya kukata. Hao hutoboa matundu kwa keekee, au huingiza nondo iliyochongwa ncha wakaipiga nyundo hadi kuta za ndani zipasuke. Wengine huling'oa bomba zima na kufunga mahali pake kibomba kifupi kilichonyooka. Haupiti muda mrefu, pikipiki huwashwa, na mtaa mzima hujua kwamba kazi imekwisha.

Mwenye pikipiki huondoka akiamini kuwa amenunua nguvu. Ameambiwa kwamba sailensa ya kiwandani huibana injini kooni, na kwamba ikiondolewa injini itapumua, mlima utapandika, na abiria wawili pamoja na mkungu wa matoke watakuwa wepesi. Inafaa kuuliza kama maneno hayo ni ya kweli, kwa sababu gharama ya imani hiyo hailipwi na kijana huyo peke yake. Sehemu yake hulipwa na mgonjwa aliyelala, na mtoto aliye darasani. Sehemu nyingine, ambayo ndiyo hasa inayohusu mazungumzo haya, hulipwa na askari aliye lindoni saa nane za usiku, mwenye bunduki iliyojaa risasi na sikio lililo macho.

Kwanza itazamwe kazi ya bomba lenyewe. Injini za pikipiki hizi ni za silinda moja na za mipigo minne. Pistoni huvuta mchanganyiko wa petroli na hewa, huukandamiza, mchanganyiko ukawaka na kuisukuma, kisha pistoni huutoa moshi nje. Na mambo hayo yote manne huchukua mizunguko miwili ya injini. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, valvu ya kutolea moshi hufunguka mara 50 katika kila sekunde. Kila ifungukapo, moshi wenye joto kali hutoka kwa kishindo, na kishindo hicho ni wimbi. Husafiri ndani ya bomba la moto kwa mwendo unaokaribia mita 500 kwa sekunde, na kikifika mahali bomba linapopanuka au linapokoma, sehemu yake hurudi kuelekea kwenye injini ikiwa imegeuka kuwa mnyonyo. Mnyonyo huo ukiikuta valvu kwa wakati unaofaa, huvuta masalio ya moshi na kuachia nafasi hewa mpya. Ukiwahi mno au ukichelewa, haufai kitu, na pengine huzuia. Kwa hiyo urefu wa bomba, upana wake, na mahali vyumba vyake vilipo, havikuwekwa kwa kubahatisha.

Basi wanaosema kwamba bomba hubadili nguvu ya injini hawajasema uongo. Jambo hilo lilipata hata kuwa siri ya kuibwa kati ya mataifa. Katika miaka ya 1950, katika Ujerumani Mashariki, mhandisi Walter Kaaden, ambaye wakati wa vita alifanya kazi Peenemünde palipotengenezwa silaha za roketi, aliongoza kitengo cha pikipiki za mashindano cha kiwanda cha MZ mjini Zschopau. Hakuwa na fedha nyingi wala vyuma bora. Alichokuwa nacho ni subira na kile chombo kiitwacho osiloskopu, kinachoyaonyesha mawimbi kwenye kioo. Kwa chombo hicho aliyatazama mawimbi ya moshi yakienda na kurudi, akaendelea kubadili umbo la bomba, hatua kwa hatua, mwaka baada ya mwaka. Kufikia mwaka 1961 injini yake ndogo ya sentimita za ujazo 125 ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 25, kiasi ambacho wakati huo wengi walidhani hakiwezekani kwa injini ya ukubwa ule. Mwezi Septemba mwaka huo huo, wakati wa mashindano ya Sweden, mwendeshaji wake hodari Ernst Degner alitoroka, akaenda zake Magharibi, kisha akajiunga na kampuni ya Suzuki ya Japani akiwa na ujuzi wote wa mabomba yale kichwani. Mwaka uliofuata, 1962, Degner na Suzuki walitwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 50. Maofisa wa usalama hawahitaji kuelezwa uzito wa mkasa kama huo: mtu mmoja alivuka mpaka, na kazi ya miaka ikavuka pamoja naye.

Lakini mambo mawili yanamtenga Kaaden na jiriwa ya Nakivubo. La kwanza, injini zake zilikuwa za mipigo miwili, zisizo na valvu za kutolea moshi. Katika injini ya namna hiyo, tundu la moshi hubaki wazi wakati petroli mpya inapoingia, na sehemu ya petroli hiyo huanza kutoroka nje bila kuchomwa. Wimbi linalorudi ndilo linaloikamata na kuirudisha ndani. Bomba hapo ni kama mlango wa pili wa injini. Boxer ina valvu yake inayofunga, nayo haitegemei wimbi kiasi hicho hata kidogo. La pili, Kaaden hakuondoa kitu. Alijenga chumba chenye kupanuka taratibu na kisha kusinyaa, kilichopimwa kwa milimita, ilhali fundi wa kichochoroni hubomoa chumba kilichokwisha kupimwa na wengine, bila kuweka kingine mahali pake. Wahenga waliosema kwamba debe tupu haliachi kuvuma hawakuwa wamewahi kuiona sailensa ya Boxer, lakini maneno yao yameielekea barabara.

Hata hivyo si haki kuwaona waendesha bodaboda kuwa ni wajinga. Wako wanaoapa kwamba baada ya kutobolewa bomba pikipiki zao zilikuwa nyepesi zaidi, na baadhi yao wanasema kweli. Sababu yake si ile wanayoitaja. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni hafifu kuliko hewa ya Mombasa au Dar es Salaam kwa moja ya kumi hivi, na injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kadiri iyo hiyo. Ikiwa kabureta iliwekwa jeti ya kufaa nchi za tambarare, petroli huzidi hewa, plagi ikafanya masizi meusi, na injini ikawa nzito. Bomba likifunguliwa, hewa hupita kwa wingi kidogo, mizani ikarudi karibu na mahali pake, na mwendeshaji akaona nafuu. Nafuu hiyo angeipata kwa kubadilishiwa jeti, kile kijitundu cha shaba kipitishacho petroli, kazi ya bisibisi ambayo haimsumbui jirani ye yote.

Ambaye jeti yake ilikuwa sawa tangu mwanzo hana bahati hiyo. Kwake hewa huzidi petroli, mwako ukawa wa moto mkali, na plagi ikitolewa huonekana nyeupe kama jivu. Valvu ya moshi, ambayo hata siku za amani hufanya kazi katika joto la kutisha na hupoa hasa kwa kuugusa ukingo wa kiti chake, huanza kuungua pembeni. Kwanza pikipiki huwa ngumu kuwaka asubuhi. Halafu hukosa nguvu ya kupanda. Mwenyewe, akiona hivyo, hurudi kwa fundi yule yule kuomba bomba lipanuliwe zaidi.

Jambo jingine ni kwamba faida, hata inapopatikana, kwa kawaida huja wakati injini inapozunguka kwa kasi ya juu kabisa, kasi ambayo hutumika viwanjani mwa mashindano. Mwendesha bodaboda hafanyi kazi huko. Yeye huondoka na kusimama, huondoka na kusimama, hupenya kati ya matatu, hupanda kutoka Nakivubo kuelekea Namirembe na abiria mzito nyuma, na huko kote anahitaji nguvu ya mizunguko ya chini na ya kati, ambayo ndiyo bomba tupu huipunguza. Naye hulazimika kuivuta petroli zaidi ili apate mwendo ule ule. Fedha ya petroli hiyo hutoka katika pato lake la siku, kabla hajampelekea mwenye pikipiki hesabu yake.

Kwa nini basi anaamini kwamba amepata mbio? Kwa sababu sikio hudanganya. Chombo kinachonguruma huonekana kinakimbia. Dawa ya udanganyifu huo ni saa ya mkononi. Mwendeshaji achukue kipande kimoja cha mlima, mzigo ule ule, gia ile ile, ahesabu sekunde za kupanda kabla ya bomba kukatwa na baada ya kukatwa, naye arudie mara kadhaa. Inashangaza kwamba watu wanaopima muda wao kwa makini ili wasikose abiria hawapimi kitu hiki ambacho wamekilipia.

Nguvu wanayoitafuta mara nyingi imepotelea mahali pengine. Imo katika kichujio cha hewa kilichozibwa na vumbi jekundu la barabara za vitongojini, katika klachi iliyolika na kuteleza, katika nafasi ya valvu ambayo haijapimwa tangu pikipiki iliponunuliwa, katika mnyororo mkavu, na katika gurudumu lenye upepo pungufu. Fundi mwaminifu wa Kisekka anayajua hayo yote. Lakini kazi hizo hazina mlio, na mteja asiposikia mlio hudhani hakufanyiwa kitu.

Hadi hapo hasara ni ya mwenye chombo, na mtu mzima anaweza kuachwa aharibu mali yake. Jambo lingeishia hapo kama bomba tupu lisingekuwa na tabia moja zaidi, nayo ni kulipuka.

Pikipiki iliyotolewa sailensa, hasa ile ambayo viungo vya bomba lake havikubanwa vizuri, hutoa vishindo kila mwendeshaji anapoachia petroli ghafula akiwa mteremkoni. Mchanganyiko hafifu hukosa kuwaka ndani ya silinda, hutoka mbichi hadi bombani, hukutana na hewa mpya iliyopenya kwenye kiungo, na hapo huwaka kwa mshindo. Hiyo ni ajali ya ufundi. Lakini uko mchezo wa makusudi, unaopendwa na vijana. Mwendeshaji huzima ufunguo huku pikipiki ikiwa katika mwendo na gia ikiwa ndani. Injini huendelea kuzunguka kwa kusukumwa na gurudumu, ikivuta petroli na kuitapika bombani bila kuichoma. Kisha hufungua ufunguo. Petroli yote iliyokusanyika hulipuka mara moja, moto ukatoka mkiani, na sauti ikagonga kuta za maghorofa ya Nakivubo na kurudi kama jibu.

Kwa raia hiyo ni kero. Kwa askari ni swali, na ni swali linalotaka jibu katika muda usiozidi sekunde mbili.

Askari wa Uganda hana haja ya kukumbushwa kwa nini sauti hiyo pamoja na pikipiki humfanya ashike bunduki yake. Tarehe 30 Machi 2015, mwendesha mashtaka mwandamizi wa serikali, Joan Kagezi, aliuawa kwa risasi mjini Kampala na watu waliokuwa juu ya pikipiki. Tarehe 17 Machi 2017, Andrew Felix Kaweesi, Mkuu Msaidizi wa Jeshi la Polisi na msemaji wake, aliuawa karibu na nyumbani kwake Kulambiro, pamoja na mlinzi wake na dereva wake, na wauaji walitumia pikipiki. Tarehe 1 Juni 2021, Jenerali Katumba Wamala, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, alimiminiwa risasi Kisaasi na watu wenye pikipiki. Yeye alinusurika na jeraha, lakini binti yake na dereva wake walipoteza maisha. Katika mji wenye kumbukumbu kama hizo, kijana anayelipua bomba mbele ya lango la kambi au kando ya msafara wa kiongozi anacheza na kitu asichokijua. Anaweza kuuawa na mtu ambaye hakumkusudia ubaya wo wote, na askari huyo akabeba jambo hilo maisha yake yote, mahakamani na nje ya mahakama.

Kwa hiyo ni wajibu wa askari kulizoeza sikio lake, na elimu hiyo haihitaji darasa kubwa. Bunduki ya AK hupiga kwa mfululizo kiasi cha risasi 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Injini ya mipigo minne ya silinda moja, inaponguruma polepole kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, hutoa vishindo 10 kwa sekunde vile vile. Ulingano huo ni wa bahati tu, lakini ndio unaowashtua watu: pikipiki isiyo na sailensa iliyosimama nyuma ya ukuta hugonga kwa mwendo ule ule wa bunduki iliyoachiwa. Tofauti ipo katika kuendelea kwake. Magazini ya risasi 30 huisha kwa sekunde 3. Injini haiishi, wala haibaki katika mwendo mmoja. Hupanda na kushuka kadiri mkono unavyozungusha petroli.

Katika kishindo kimoja kimoja kuna alama nyingine, ambayo kila mwanajeshi aliyepata kulala chini ya moto anaijua. Risasi ya AK huondoka mtutuni kwa mwendo unaozidi kidogo mita 700 kwa sekunde, mara mbili ya mwendo wa sauti hewani. Aliye upande inakoelekea husikia kwanza mpasuko mkali wa risasi yenyewe ikipita, halafu ndipo kishindo cha mtutu humfikia. Na kwa umbali wa mita 300 kati ya sauti hizo mbili hupita yapata theluthi ya sekunde. Bomba la pikipiki halirushi kitu. Halina mpasuko, lina kishindo peke yake, kizito na chenye kutanuka. Bahati mbaya ni kwamba aliye nyuma au ubavuni mwa mpigaji huenda naye asiusikie mpasuko, na kwamba kati ya kuta ndefu mwangwi huchanganya kila kitu. Ndiyo maana sikio peke yake halitoshi kuhukumu. Sikio limwambie mlinzi ajikinge na atazame. Jicho ndilo limwambie kama kuna adui. Mlinzi aliyekwisha kujikinga nyuma ya kifuko cha mchanga ana nafasi ya kungoja sekunde ile ya pili, ambayo mlinzi aliyesimama wazi hana. Makamanda wa walinzi wanaopanga malindo kando ya barabara za bodaboda wanafaa kulifikiria hilo wanapoamua mlinzi asimame wapi, na wanapowaeleza vijana wao mambo ya zamu kabla ya kuwakabidhi silaha.

Kwa upande wa polisi, kazi ni ya mchana na ni ya subira. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 ilimpa askari wa trafiki uwezo wa kusimamisha na kukagua chombo kibovu, na Kanuni za Kelele zilizotolewa mwaka 2003 chini ya sheria ya mazingira ziliweka kwa nyumba za kuishi kiwango cha desibeli 50 mchana na 35 usiku, usiku ukihesabiwa kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Walakini askari wengi hawana kipimo cha desibeli mkononi, na ubishi wa barabarani juu ya sauti hauna mwisho. Ukaguzi wa macho ni rahisi zaidi. Bomba likiwa limepoa na injini imezimwa, mkia wake hutazamwa: chomeo jipya, matundu yasiyo ya kiwandani, au ile kinga ya joto iliyopotea. Kijiti chembamba kikiingizwa katika sailensa nzima ya Boxer hukwama mapema kwenye ukuta wa ndani. Katika iliyotobolewa huenda moja kwa moja kama mkono kwenye gunia tupu. Hapo hakuna ubishi tena.

Lakini askari atofautishe bomba lililokatwa na lile lililooza. Mvua za Kampala na maji yanayojikusanya ndani ya bomba kila injini inapopoa hula chuma taratibu, na wako waendeshaji ambao sailensa zao zimetoboka zenyewe kwa kutu kabla hawajapata fedha ya kununua nyingine. Mtu wa namna hiyo anahitaji muda wa kutengeneza. Yule anayezimazima ufunguo ili kuwatisha watu ni mwingine. Kuwachapa wote kwa fimbo moja, au kuwanyang'anya wote ufunguo hadi watoe kitu kidogo, hakujapunguza kelele hata kidogo. Kumefundisha tu kwamba kelele ina bei yake, na kwamba bei hiyo hulipwa pembeni mwa barabara.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo halina budi kusemwa kwa wasikilizaji hawa. Si pikipiki zote za bodaboda ni mali ya wale wanaoziendesha. Nyingi ni za watu wenye mishahara, waliozinunua na kuwapa vijana ili walete hesabu kila jioni, na miongoni mwa watu hao wako wenye kuvaa sare. Mwenye pikipiki wa namna hiyo, awe koplo au awe mkaguzi wa polisi, ndiye atakayenunua valvu itakapoungua. Ndiye pia mwenye uwezo wa kumwambia kijana wake neno ambalo halihitaji tiketi ya faini. Na kijana anaposimamishwa barabarani akajibu kwamba pikipiki ni ya afande fulani, askari wa trafiki asitiwe katika mtihani wa kuchagua kati ya kazi yake na cheo cha mwenye mali.

Wala isisahauliwe afya ya kijana mwenyewe, ambaye hukaa juu ya bomba hilo kutwa. Wataalamu wa afya kazini hukubali desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na wengi wao huhesabu kwamba kila zinapoongezeka 3 muda wa salama hupungua kwa nusu; kwa kipimo hicho, desibeli 100 zinaruhusiwa kwa dakika 15 tu. Masikio yakianza kufa hayaumi. Mwendeshaji hugundua siku asiposikia honi ya lori lililo nyuma yake. Abiria naye, hasa mama anayekaa upande, huachwa na kovu la kuungua mguuni pale kinga ya joto ilipotupwa pamoja na matumbo ya sailensa.

Zimekwisha kuonekana Kampala pikipiki zinazotumia umeme, zisizo na bomba wala moshi, na huenda miaka ijayo zikaumaliza ubishi huu wote. Lakini kwa sasa mji unakwenda kwa petroli, na maelfu ya Boxer yatapita leo usiku mbele ya malango ya Nsambya, Makindye na Mbuya. Makamanda wa kambi hizo wanaweza kuanza na pikipiki zinazoingia na kutoka katika malango yao wenyewe, zikiwemo za askari. Kijiti cha kukagulia hakina gharama, na sailensa nzima za kurudishia zinapatikana Kisekka.